Mafuta Yako Lokichar, Mbona Petroli ya Lodwar ni Ghali?

Kila tarehe 14 ya mwezi Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei mpya za mafuta. Na kila mara swali moja huzuka katika mabaraza, kwenye steji za bodaboda na katika vipindi vya redio: mafuta yamepatikana katika ardhi yetu, mbona sisi tunauziwa lita moja kwa bei inayozidi ile ya Nairobi?

Ni swali la haki na linastahili jibu kamili. Linazidi kuwa muhimu sasa. Gulf Energy, kampuni ya Kenya iliyonunua mali ya Tullow Oil nchini mwaka wa 2025, imetangaza kuwa inalenga kuanza kutoa mafuta ya biashara mwishoni mwa 2026. Vikao kuhusu ardhi, maji, ajira na mgao wa mapato vinaendelea kuwa vingi. Mkazi anayeingia katika vikao hivyo akiamini kwamba malipo yake yatakuwa petroli ya bei nafuu anaweza kurudi nyumbani akiwa ameacha mezani yale ambayo sheria tayari inampa.

Jibu fupi ni hili: kuchimba mafuta Lokichar hakutashusha bei ya petroli Lodwar, angalau kwa kiasi cha kuhisiwa mfukoni.

Safari ya lita moja

Petroli inayouzwa Lodwar haijawahi kuwa mafuta ya Turkana. Inaagizwa kutoka ng'ambo ikiwa tayari imesafishwa, hushushwa Mombasa na kupitishwa katika bomba la Kenya Pipeline hadi bohari ya Eldoret. Kutoka huko hupakiwa kwenye malori, yakapita Kitale, Kapenguria, Kainuk na Lokichar yenyewe, ndipo yafike Lodwar. EPRA hupanga bei ya juu kabisa kwa kila mji na huzingatia gharama ya safari. Ndiyo maana bei ya Mombasa huwa chini ya ile ya Nairobi, nayo ya Nairobi huwa chini ya yetu. Katika vituo vidogo visivyo na pampu, ambako petroli huuzwa kwa chupa kando ya barabara, mnunuzi hulipa zaidi tena, maana huko bei ya EPRA hubaki kwenye karatasi.

Wakati wa mpango wa majaribio uliozinduliwa Juni 2018, barabara hii ilishuhudia jambo la ajabu kidogo. Malori yenye mafuta ghafi yalitoka Lokichar kuelekea kusini, yakipishana na malori yaliyoleta petroli na dizeli kaskazini. Mafuta yetu yalienda, mafuta ya wengine yalikuja, na kila upande ulilipia safari yake. Mafuta hayo ghafi yalihifadhiwa katika matangi ya Changamwe, na Agosti 2019 Kenya ikauza shehena yake ya kwanza, takriban mapipa 200,000, kwa dola milioni 12 hivi. Mpango huo ulifungwa mwaka wa 2020.

Wengi huuliza kwa nini hayakusafishwa hapo hapo Changamwe. Mtambo wa kusafisha mafuta wa Changamwe ulianza kazi mwaka wa 1963 lakini uliacha kusafisha Septemba 2013. Teknolojia yake ilikuwa imezeeka na wauzaji wa mafuta waliona ni nafuu kuagiza petroli iliyo tayari. Leo kinachotumika pale ni matangi. Tena mafuta ya Turkana yana nta nyingi: yakipoa huganda, kwa hiyo lazima yapashwe moto njiani. Kujenga mtambo mpya ni kazi ya mabilioni ya shilingi na unahitaji mafuta mengi kila siku ili ulipe. Mpango wa Gulf Energy unaanza na mapipa 20,000 kwa siku, wakati Kenya hutumia takriban mapipa 100,000.

Hata tukiwa na mtambo kesho asubuhi, bado kuna kizingiti kimoja. Mwenye mtambo angenunua mafuta ghafi ya Lokichar kwa bei ya soko la dunia, kwa sababu muuzaji akinyimwa bei hiyo hapa ataipata kwenye meli. Dunia hutumia zaidi ya mapipa milioni 100 kwa siku. Mapipa 20,000 ni kama pipa moja katika kila 5,000. Kwa kiasi hicho hatuwezi kupandisha wala kushusha bei ya dunia, kama vile mfugaji mmoja akileta mbuzi mmoja sokoni Lodwar hawezi kubadilisha bei ya mbuzi wa siku hiyo.

Halafu kuna kodi. Katika mwaka wa 2025 bei ya petroli ya super jijini Nairobi ilikuwa kati ya shilingi 174 na 187 kwa lita. Karibu shilingi 80 kati ya hizo zilikuwa kodi na tozo: ushuru wa bidhaa wa karibu shilingi 22, ada ya ukarabati wa barabara ya shilingi 25, ushuru wa ziada ya thamani wa asilimia 16, ambao hadi Julai 2023 ulikuwa asilimia 8, na tozo nyingine ndogo ndogo. Kodi hizo hupitishwa na Bunge la Kitaifa. Zinaweza kupunguzwa kesho bila kisima hata kimoja kuchimbwa, na zinaweza kuongezwa hata kama Lokichar itatoa mapipa milioni. Anayetaka bei ya petroli ishuke basi aelekeze sauti yake kwa mbunge na kwa Mswada wa Fedha wa kila mwaka, maana huko ndiko kuna nafasi kubwa zaidi ya kusikika.

Waliotutangulia

Matumaini ya kwamba kuchimba nyumbani kutashusha bei si ya Wakenya peke yao. Nchini Marekani, bei ya petroli ilipopita dola 4 kwa galoni katikati ya 2008, wananchi wengi waligeuka kuunga mkono uchimbaji zaidi, hata katika maeneo ya bahari yaliyokuwa yamefungwa. Wakati huo Marekani ilikuwa ikitoa takriban mapipa milioni 5 ya mafuta ghafi kwa siku. Mwaka wa 2019 ilipita milioni 12, ikiwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Lakini Urusi ilipovamia Ukraine na soko la dunia likayumba, Mmarekani alilipa zaidi ya dola 5 kwa galoni Juni 2022, bei ambayo haikuwa imewahi kufikiwa. Katika muda huo huo Kenya nayo ilikuwa ikipanda ngazi ile ile: Oktoba 2023 lita ya super Nairobi ilifika shilingi 217.36. Nchi yenye mafuta kupita wote na nchi isiyouza hata pipa ziliumia kwa sababu moja.

Nigeria imechimba mafuta tangu miaka ya 1950 na kwa miongo mingi ikaagiza petroli kutoka nje kwa sababu mitambo yake ilikuwa imelala. Bei ilikuwa chini, ni kweli, ila kwa kuwa serikali ililipa tofauti kutoka hazina. Ruzuku hiyo ilipoondolewa Mei 2023, bei ilipaa kwa siku chache tu. Upande wa pili kuna Norway, nchi tajiri kwa mafuta ya baharini, ambayo huwatoza raia wake kodi kubwa kwenye petroli na kuweka mapato ya mafuta katika hazina ya vizazi vijavyo.

Kenya pia ilijaribu ruzuku mwaka wa 2021 na 2022. Ilituliza bei kwa muda, kisha mzigo ukaielemea hazina na ruzuku ya petroli ikaondolewa Septemba 2022. Kwa mtazamo wa kaunti kama yetu ruzuku ya mafuta ina kasoro nyingine isiyotajwa sana: humfaidi zaidi anayetumia mafuta mengi. Mwenye magari matatu Nairobi hupokea ruzuku mara nyingi kuliko mama wa Loima anayenunua mafuta taa ya taa moja. Mapato ya Lokichar yakitumiwa kulipia petroli ya nchi nzima, sehemu kubwa itaishia kwenye foleni za Thika Road.

Kile ambacho Turkana imedai tangu mwanzo

Tangu Rais Mwai Kibaki alipotangaza Machi 2012 kwamba mafuta yamepatikana katika kisima cha Ngamia 1, maoni ya wananchi yamekwenda njia mbili. Katika miji mingi ya Kenya, matumaini yalikuwa bei. Hapa kwetu madai yalikuwa mengine. Oktoba 2013 wakazi walipoandamana hadi shughuli zikasimamishwa kwa muda, walidai ajira na zabuni. Katikati ya 2018 malori yalipozuiwa Lokichar, madai yalikuwa usalama, kazi na nafasi za biashara kwa wenyeji. Nyuma yake kulikuwa na mvutano wa miaka kuhusu sehemu ya jamii katika mapato: mswada wa awali ulikuwa umeweka asilimia 10, Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia sahihi, na makubaliano ya Mei 2018 yakaishia asilimia 5. Kwa maoni yetu, mfugaji aliyesimama mbele ya lori siku ile aliuelewa uchumi wa mafuta vizuri kuliko wachambuzi wengi waliokuwa wakiahidi petroli ya bei rahisi kwenye runinga.

Wapo pia wakazi wanaosema mafuta yaachwe chini. Hoja zao zisichukuliwe kama woga wa maendeleo. Wanaangalia ua uliozungushiwa njia ya mifugo, laga inayobeba taka za uchimbaji mvua ikinyesha, na visima vya maji vinavyoshindaniwa na kampuni. Bei ya petroli haimhusu sana mtu ambaye usafiri wake ni miguu na punda. Malisho yanamhusu. Mtu huyu ana haki ya kusikilizwa sawa na kijana wa bodaboda Kakuma ambaye kila shilingi inayoongezwa kwenye lita inatoka kwenye chakula chake cha jioni.

Na hapa kuna mgongano ambao ni vizuri kuujua mapema. Siku tutakapoanza kuuza mafuta, bei ya dunia ikipanda, mapato ya kaunti na ya jamii yatapanda, na wakati huo huo nauli ya kutoka Lodwar hadi Lokichoggio itapanda. Bei ikishuka, nauli itapumua na mapato yatakauka. Hatuwezi kuomba yote mawili.

Shilingi 100 za mafuta

Sheria ya Petroli ya 2019 inasema sehemu ya serikali katika faida ya mafuta igawanywe hivi: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa serikali ya kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya eneo la uchimbaji. Watu wengi husikia asilimia 5 na kudhani ni asilimia 5 ya kila pipa. Sivyo. Tufanye hesabu ya mfano, kwa takwimu za kubuni ili iwe rahisi kufuata.

Tuseme mafuta yameuzwa kwa shilingi 100. Kwanza kampuni hurudishiwa gharama zake: utafutaji, uchimbaji, mitambo, usafirishaji. Tuseme gharama ni shilingi 60. Faida iliyobaki ni shilingi 40, ambayo kampuni na serikali hugawana kwa mujibu wa mkataba. Tuseme kila upande umepata nusu, yaani shilingi 20. Hizi 20 ndizo zinazogawanywa: kitaifa 15, kaunti 4, jamii 1.

Kwa hiyo katika mfano huu jamii imepata shilingi moja katika kila mia. Sasa badilisha kitu kimoja tu. Gharama zikipanda kutoka 60 hadi 80, faida inakuwa 20, serikali inapata 10, kaunti inabaki na shilingi 2 na jamii inapata senti 50. Hakuna aliyepunguza asilimia yetu. Bado ni 20 na 5 kama sheria inavyosema, lakini pesa zimekuwa nusu. Ndiyo sababu swali la nani anakagua gharama za kampuni, na kama kaunti inaruhusiwa kuona hesabu hizo, lina uzito kuliko swali la bei ya pampu. Mkazi akipewa nafasi ya kuuliza swali moja tu kwenye kikao, tungependa aulize hilo.

Jambo la pili ni nani anaitwa jamii. Sheria inazungumzia watu wa kaunti ndogo ambamo mafuta yanachimbwa. Visima vya sasa viko Turkana Kusini na Turkana Mashariki. Mkazi wa Kibish au Lokichoggio atafikiwa kupitia ile asilimia 20 ya kaunti, katika barabara, zahanati na maji yatakayojengwa kwa bajeti ya kaunti, na wala si kupitia asilimia 5. Fedha za jamii hazitagawiwa mkononi. Zinaingia katika hazina ya amana chini ya bodi ya wadhamini, ambayo serikali ya kaunti huiunda kwa kushauriana na jamii yenyewe. Nani ataketi kwenye bodi hiyo, atachaguliwaje, na atatoa hesabu kwa nani, ni mambo ya kuamuliwa kabla pesa hazijaingia. Zikishaingia, kila mmoja atakuwa na binamu anayefaa.

Ardhi na ajira

Mafuta yenyewe, kwa mujibu wa Kifungu cha 62 cha Katiba, yako chini ya serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi wote wa Kenya. Ardhi iliyo juu yake ni jambo tofauti. Sehemu kubwa ya Turkana ni ardhi ya jamii, na pale ambapo jamii haijaisajili, kaunti huishikilia kwa amana. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, fidia ya ardhi ambayo haijasajiliwa pia huwekwa kwa amana na kaunti mpaka usajili ufanyike. Jamii iliyosajiliwa huzungumza na mwekezaji kwa jina lake na kupokea fidia kwa jina lake. Tunasema hivi ingawa sisi ndio kaunti: ni afadhali jamii zisajiliwe mapema zisiwe zikitungoja.

Kuhusu ajira, sheria inamtaka mwekezaji awe na mpango unaoonyesha jinsi atakavyoajiri, kufunza na kununua bidhaa kutoka kwa wenyeji. Kazi nyingi za uchimbaji hutokea wakati wa ujenzi. Visima vikishaanza kutoa mafuta, wanaohitajika hupungua, na wanaobaki ni mafundi. Kijana anayetaka kubaki kazini mwaka wa kumi anahitaji cheti cha uchomeleaji, umeme au mitambo kuanzia sasa. Nafasi za ulinzi wa geti zitakuwepo pia, ila hizo ndizo huisha kwanza.

Pa kuuliza na pa kusema

Bei za EPRA hutangazwa tarehe 14 na huanza kutumika tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Lodwar huorodheshwa kama miji mingine. Ukiuziwa kwenye kituo cha mafuta kwa bei inayozidi iliyotangazwa, hilo ni kosa la kisheria. Chukua risiti na upige ripoti kwa EPRA.

Mpango wa kuendeleza visima vya Lokichar, kama mikataba mingine mikubwa ya maliasili, huhitaji idhini ya Bunge chini ya Kifungu cha 71 cha Katiba, na wananchi wana haki ya kutoa maoni kwa kamati zinazohusika, kwa maandishi au ana kwa ana. Kwa masuala ya bodi ya wadhamini, fidia na usajili wa ardhi, anza na msimamizi wa wadi yako au mwakilishi wako katika bunge la kaunti, na uombe tarehe ya kikao kinachofuata cha ushirikishaji wa umma. Ukienda, omba maelezo ya gharama za kampuni kwa maandishi. Na anayependa kuzungumza kwa Kiturkana azungumze Kiturkana. Kutafuta mkalimani ni kazi ya walioitisha kikao.